Nakijwa Alikuwa Anameza

Kuna siku maji safi yalikutwa na virusi vya UKIMWI, na aliyeyaambukiza ni mimi.

Naanza na hilo kwa sababu ninyi vijana mlioniomba niandike mambo ya kazi mnadhani mzee wenu alikuwa hodari. Sikuwa. Nilikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, nimezoea hadubini, malaria na choo cha wagonjwa, ndipo mashine ya kunakili vinasaba ikaletwa maabara kwetu. Maabara yenyewe sitaitaja. Ilikuwa huku bondeni, upande wa Same, na makosa nitakayoyasema ni yangu, wenzangu hawahusiki.

Mnajua kwamba katika kila kundi la vipimo tunaweka kichupa kimoja cha maji matupu. Maji yakitoka safi, tunaamini na majibu mengine. Siku hiyo maji yalitoka na virusi, tena vingi kuliko vya wagonjwa wawili. Mkuu wetu, Mama Koleta, mwanamke wa Mbinga aliyeletwa Same na ajira akakaa mpaka akaweza kugombana sokoni kwa Chasu, Kipare chetu, aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama maji nimeshayapa ushauri nasaha kabla ya kuyaanzishia dawa.

Kosa lilikuwa kalamu. Niliitoa chumba cha mashine nikaiingiza chumba cha kuandalia sampuli, mfukoni mwa koti. Mashine ikishanakili, nakala zinakuwa nyingi kiasi kwamba hewa tu ya kichupa kilichofunguliwa inatosha kuchafua meza. Mama Koleta alinifanya nioshe vyumba vyote viwili kwa klorini, kuta na vitasa vya milango, kisha nikarudia kazi ya wiki nzima. Kalamu aliitupa mwenyewe. Tangu hapo chumba cha kuandalia kina kalamu yake, koti lake na kiti chake. Mkiona kalamu imefungwa mezani kwa kamba, msicheke. Mimi ndiye niliyeifungia.

Mama Koleta hakusoma kuliko sisi, ila alijua kusema. Nilipomwambia kwamba kile kimeng'enya cha virusi kinachonakili kinyume sikielewi, aliacha kula makande yake akanieleza papo hapo, na maelezo yale nimeyatumia maisha yangu yote.

Alisema hivi. Ndani ya kila seli yako kuna daftari kuu, ndiyo DNA. Halitoki ofisini. Seli ikitaka kutengeneza kitu, inanakili ukurasa mmoja kwenye karatasi ndogo, ndiyo RNA, na karatasi ndiyo inayopelekwa jikoni. Kutoka daftari kwenda karatasi, siku zote. Sasa kirusi cha UKIMWI kinaingia bila daftari. Kinakuja na karatasi tu, na karani wake mwenyewe. Karani huyo ndiye kimeng'enya. Anakaa chini, anachukua karatasi aliyokuja nayo na kuiandika upya kwa mwandiko wa daftari. Kisha mwenzake anaibandika katikati ya daftari lako. Kuanzia hapo seli yako yenyewe inanakili ukurasa wa mgeni kila siku, kwa bidii, kama ni kazi ya nyumbani.

"Na ukishabandikwa?" nilimuuliza.

"Haubanduki," alisema. "Dawa inamzuia karani asiandike mahali pengine. Iliyokwisha kuandikwa imeandikwa."

Kisha akaniambia la pili, ambalo ningelishika vizuri nisingekuwa na habari hii ya kuwaandikia. Karani huyu ana haraka na harudii kusoma alichoandika. Vimeng'enya vyetu vya kunakili daftari kuu vina tabia ya kurudi nyuma, vikiona herufi mbaya vinaikata. Yeye harudi. Kwa hiyo karibu kila nakala ina kosa mahali fulani. Makosa mengi yanamuua kirusi mwenyewe. Lakini maelekezo ya kumtengeneza huyo karani nayo yamo katika karatasi hiyohiyo. Kosa likiangukia hapo, anazaliwa karani mwenye kiwiko tofauti kidogo, na dawa iliyotengenezwa imkwamishe kiwiko inateleza. Mtu akimeza dawa nusunusu, wale wa kiwiko cha kawaida wanakufa, na mwenye kiwiko kipya anabaki na uwanja wote.

"Kwa hiyo ile namba ya wingi wa virusi inayotoka kwenye mashine," alimalizia, akirudi kwenye bakuli lake, "inakwambia wangapi. Haikwambii kwa nini."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Mambo ya mikono nitayasema haraka. RNA ni kitu legelege. Vidole vyenu vina vimeng'enya vinavyoitafuna, mate yenu pia, kwa hiyo glavu si kwa kujikinga tu, ni kuikinga sampuli dhidi yenu. Msipige soga juu ya vichupa vilivyo wazi. Kimeng'enya cha kupimia kikae kwenye barafu mpaka dakika ya mwisho. Na mjue kwamba hicho tunachonunua kwenye kichupa ni ndugu wa kilekile kinachomuumiza mgonjwa. Tunakitumia kugeuza RNA ya kirusi iwe DNA ili mashine iweze kuizidisha na kuihesabu. Niliwahi kumweleza hivyo mchungaji mmoja aliyetutembelea, akaangalia saa, akaaga.

Karatasi za damu kavu, zinazodondoshewa damu ya mgonjwa huko zahanati na kukaushwa, ndizo zilizonichekesha zaidi. Zile za Makanya zilifika zimekauka vizuri ila zina vumbi la jasi, nyeupe kama zimepakwa unga. Za Chome, kwetu, zilifika mbichi, maana ukungu wa mlima Shengena ukishuka hata shati lako ulilolianua jana linalowa tena. Muuguzi mmoja wa zahanati ya mlimani, mwanamke mwema aitwaye Elisifa, aliamua kuzikaushia jikoni. Zikafika zinanuka moshi, na moja ilikuwa na doa la mchuzi wa maharage. Nilimpigia simu nikamwambia joto la moto linaharibu, azilaze juu ya rafu mahali penye hewa, na kukiwa na ukungu aziache hadi kesho yake, ndipo azifunge na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Akaniuliza kama yale maharage yalionekana kwenye mashine. Nikamwambia yalikuwa mazima, hayana ugonjwa.

Elisifa mkumbukeni, maana atarudi.

Sasa nifike kwa Nakijwa. Nimeandika ukurasa huu mara tatu nikauchana.

Nakijwa alikuwa binti wa dada yangu Naetwe, mtoto pekee. Kwetu mnajua mjomba ni nani. Mimi ndiye niliyemlipia sare za shule, mimi ndiye niliyesimama alipoolewa na Zakaria, kijana mpole aliyefanya kazi mashamba ya mkonge na baadaye machimbo ya jasi Makanya. Waliishi hivyo, mume bondeni, mke Chome na maharage yake na viazi, na binti yao mmoja anasoma. Nakijwa aliimba kwaya, sauti ya pili. Alikuwa mtu wa maneno machache na akikupa ahadi unaweza kulala.

Zakaria alikufa kwa kifua kikuu. Baada ya mazishi nilimshauri Nakijwa apime, akapima, akakutwa na virusi. Binti hakuwa navyo, alizaliwa kabla mama yake hajaambukizwa. Mimi mwenyewe nilimsindikiza kliniki. Hii ilikuwa miaka michache kabla ya hizi dawa mpya mnazozijua ninyi. Alipewa zile tatu katika kidonge kimoja, cha kumeza kila siku. Nikamwambia atazeeka, na nilikuwa nasema kweli kwa kadiri nilivyojua. Nilikuwa nimeona wengi wakinyanyuka kitandani na kurudi shambani.

Miezi sita ikapita, damu yake ikaletwa kupimwa wingi wa virusi. Sampuli haina jina, ina namba, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini namba yake nilikuwa naijua. Mashine ilipotoa majibu, virusi vilikuwa vingi kana kwamba hajawahi kuonja dawa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Jibu la mgonjwa linakwenda kwa tabibu wake, basi. Mimi nililibeba kichwani, Jumamosi nikapanda pikipiki hadi Chome. Nilimkuta na mama yake wanapukuchua mahindi. Alinisalimu shikamoo, akaniletea kigoda. Sikumwita pembeni. Nilisema mbele ya dada, na mbele ya jirani mmoja aliyekuja kuazima chungio, kwamba dawa zinatupwa.

Nakijwa aliacha mahindi. "Mjomba, ninameza."

Nikamwambia mashine haidanganyi.

"Sijasema mashine inadanganya. Nasema ninameza."

Dada yangu akaingilia, akasema anamwona kila asubuhi. Nikamjibu kwamba mtu anaweza kuweka kidonge chini ya ulimi. Nilikuwa nimesikia hayo kliniki, ya wagonjwa wanaotema, wanaofukia, wanaogawa kwa majirani. Niliyamwaga yote pale. Nilimwambia kwamba mimi nimefanya kazi hii tangu yeye hajazaliwa, na namba kama ile ina maana moja tu. Nilimtajia binti yake, nikamuuliza nani atamlea. Nilimtia aibu saa nzima, nikiamini ninamwokoa.

Mwishoni alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka mgeni aondoke, "Basi, Mjomba. Labda huwa ninasahau."

Nilishuka mlima nimefurahi. Jumatatu nikamwambia muuguzi wa kliniki kwamba mgonjwa amekiri. Naye akafanya kazi yake, akaandika kwenye faili: hafuati dawa, amekiri kwa ndugu. Maneno hayo nilikuja kuyaona baadaye kwa macho yangu, kwa wino mwekundu.

Utaratibu wa miaka ile ulikuwa mgonjwa kama huyo apewe ushauri, kisha apimwe tena. Nakijwa akaamriwa amezee mbele ya Elisifa, pale zahanati. Kila asubuhi alitembea kupitia kanisani na sokoni, na kila mtu akajua anakwenda kufanya nini. Kwaya aliiacha mwenyewe. Elisifa alinisimulia kwamba alikuwa akifika mapema kuliko mfagizi, anameza, anafungua kinywa aonwe kama mtoto, anasema asante, anarudi kupalilia. Miezi mitatu. Hakukosa hata siku ya mvua kubwa ile iliyobomoa njia.

Jibu la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza.

Tabibu wa kliniki alilifungua faili, akasoma wino mwekundu, akasema hawezi kumbadilishia dawa mtu asiyemeza, ataziharibu na hizo za akiba. Simlaumu. Alisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilitoka kinywani mwangu.

Mama Koleta alikuwa amestaafu, amerudi kwao Mbinga. Nilimpigia simu, nusu kulalamika, nikamwambia mpwa wangu ananishinda. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo muuguzi anamwona anameza?"

"Anamwona."

"Miezi mitatu?"

"Miezi mitatu."

"Mumewe alikuwa anameza nini?"

Nikamwambia mumewe hakuwahi kupimwa. Akaniuliza nimejuaje. Akasema, "Wewe, nilikufundisha bure," akakata.

Nilikwenda Makanya. Kwenye machimbo nilimpata mzee mmoja wa Kigoma aliyekuwa akilala chumba kimoja na Zakaria, na sikuhitaji kumbembeleza, ilionekana jambo lilikuwa likimlemea. Zakaria alikuwa na dawa miaka mingi. Alikuwa akizichukua kliniki ya mbali, ng'ambo ya wilaya, kwa jina la baba yake, akiogopa kujulikana. Akiugua anameza. Akipata nguvu anaziweka. Akihamishwa kazi anakosa mwezi, miwili. Mkewe alipokuja kumtembelea, vichupa vya dawa alimpa huyu mzee amfichie. "Alikuwa anampenda sana," yule mzee aliniambia, kama vile anajibu swali ambalo sikuuliza.

Nilikaa juu ya jiwe la jasi nikaona kazi yote ya karani. Miaka yote ile, ndani ya Zakaria, dawa ikija na kuondoka, makosa yakichujwa moja baada ya jingine, mpaka akabaki mwenye kiwiko kisichoshikika. Huyo ndiye aliyempa Nakijwa. Siku ya kwanza aliyomeza kidonge, alikuwa amechelewa tayari. Angeweza kumeza kwa saa na dakika, angeweza kumeza kwa kufunga na kusali, isingemsaidia.

Kuna kipimo cha kuzisoma herufi za kirusi moja moja na kuona usugu uko wapi. Wakati ule kilifanyika Dar es Salaam tu. Tabibu, nilipomweleza habari za Makanya, alikubali mara moja, na akasema majibu yakija atabadilisha dawa siku hiyohiyo. Nikamtoa Nakijwa damu kwa mkono wangu. Alikuwa amekonda, anakohoa. Hakuniuliza kitu. Nilitaka kumwomba radhi nikaona bora nisubiri karatasi, niombe nikiwa na ushahidi.

Sasa hili linalofuata sijawahi kumwambia mtu.

Sampuli ya kipimo hicho lazima ikae imeganda mpaka ifike. Mama Koleta alitufundisha kuweka ndani ya friza kikombe cha barafu na sarafu juu yake. Umeme ukikatika barafu inayeyuka, sarafu inazama, na umeme ukirudi inaganda ikiwa chini. Huwezi kudanganywa. Ijumaa ile umeme ulianza kuchezacheza. Kulikuwa na jenereta, na ilikuwa kazi yangu kuhakikisha imetiwa mafuta kabla sijaondoka. Nilikuwa na kikao cha harusi, mimi mwenyekiti. Niliondoka.

Jumatatu nilifungua friza. Kila kitu kilikuwa kigumu kama jiwe, na sarafu ilikuwa chini ya kikombe.

Nilipaswa kumpigia simu siku ileile ashuke nimtoe damu nyingine. Lakini ningemwambia nini? Ningemwambia tabibu nini? Nikajisemea labda haikuyeyuka sana, labda RNA imebaki. Nikaiyeyusha barafu, nikaitoa sarafu, nikamwaga yale maji, nikagandisha kikombe kingine, nikaweka sarafu juu. Na sampuli nikaituma.

Wiki nyingi zikapita. Jibu likarudi: sampuli haifai, kimeng'enya hakikupata cha kunakili. Nikamtoa damu mara ya pili. Safari hii nililala maabara, nikaisindikiza mwenyewe hadi kwenye gari. Lakini muda niliokuwa nimeupoteza haukuwa wangu.

Nakijwa alikufa wakati wa kuvuna maharage, kwa kifua kikuu kama mumewe. Elisifa alikuwa naye. Aliniambia kwamba asubuhi ya mwisho aliomba kidonge chake, akameza.

Karatasi ya Dar es Salaam ilifika siku chache baada ya mazishi. Dawa mbili kati ya tatu alizokuwa akimeza hazikuwa na kazi yoyote mwilini mwake, tangu mwanzo. Hiyo ya tatu peke yake isingeweza. Herufi zilizobadilika ziliorodheshwa pale, chache, mtu angeweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Niliipandisha mlimani. Dada alikuwa ameketi nje na kapu la mbegu. Nilimsomea yote, nikatafsiri, nikamweleza karani na kiwiko kama nilivyoelezwa mimi. Nikamwambia Nakijwa hakudanganya. Nilisema hivyo mara mbili.

Dada aliendelea kuchagua mbegu. Alipomaliza kapu alinyoosha mikono.

"Baba Joyce," alisema, "mimi nilikuambia siku ileile. Sasa hiyo karatasi nimpelekee nani?"

Niliikunja, nikairudisha mfukoni. Niliomba ile sentensi ya wino mwekundu ifutwe, lakini faili la mtu aliyekufa halifanyiwi masahihisho, linafungwa tu.

Mnaposoma haya mna mashine ndogo zinazotoa jibu kabla chai haijapoa. Dawa zenu ni kali, mbali na huyo karani zinamkamata na mwenzake anayebandika. Vizuri. Lakini naye ni wa kirusi, na maelekezo yake hunakiliwa na yuleyule asiyerudia kusoma. Nasikia kuna mahali wameanza kuona usugu hata huko. Sijui niwaambie nini cha kuwatia moyo. Nimetafuta, sina. Namba ikikataa kushuka, kabla hujamwambia mtu kwamba anatupa dawa, muulize, kisha mwamini japo kwa muda wa kupima. Na sarafu ikizama, sema imezama. Ningekuwa nimefanya hayo mawili, nisingekuwa na la kuandika hapa.

Mwaka jana binti wa Nakijwa, Upendo, aliposwa. Kwa kuwa mama yake hakuwa na kaka, kauli ya mjomba ilikuwa yangu. Nilivaa suti, nikapanda Chome. Dada alinipokea vizuri, akanipa maji ya kunawa, akanionesha pa kukaa: kwenye benchi la wageni, karibu na mlango. Pale pa mjomba alikuwa amekaa binamu yetu mdogo, mwalimu anayefundisha Shighatini. Yeye ndiye aliyejibu barua ya posa. Alijibu vizuri.

Upendo alikuja kukusanya vikombe. "Shikamoo, Babu." Nikaitikia marahaba. Nilidhani ataondoka, lakini alisimama, sinia mkononi, akaniambia polepole, bila hasira, kama mtu anayeniarifu jambo nililopitiwa:

"Maji ya kumezea dawa nilikuwa nampelekea mimi. Kila siku, kabla ya shule, mpaka walipomwambia awe anakwenda kule zahanati. Nilikuwa nasimama pale mpaka amalize, nirudi na kikombe. Hakuna aliyeniuliza."

Akachukua kikombe changu, nilikuwa sijamaliza, akaenda navyo kuviosha.